Nyumba Njema si Mlango: Kubadilisha Makabati ya Jikoni kwa Mkono wa Mwenye Nyumba, Kililana

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Aghalabu methali hii hutumiwa kumwonya mtu asihadaike na sura ya nje ya jambo. Hata hivyo, kwa mtu wa Lamu maneno hayo yana maana ya wazi pia. Milango ya nakshi ya mji wa Lamu, ambao uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, imepigwa picha na kuelezwa na wataalamu wa kila aina. Jiko, ambalo ndilo linaloendesha maisha ya nyumba, halikupata bahati hiyo. Mgeni haonyeshwi jiko, na msomi naye amekuwa mgeni kwa muda mrefu.

Makala haya yanadhamiria kuingia jikoni. Yanaeleza jinsi mwenye nyumba wa Kililana, katika bara la Lamu, anavyoweza kuyang'oa makabati ya jikoni yaliyochakaa na kuyaunda na kuyapachika mapya kwa mikono yake mwenyewe. Sambamba na maelezo hayo, makala yanauchunguza msamiati wa kazi yenyewe, kwa kuwa kazi ya mikono hufundishwa kwa maneno, na panapokosekana neno mwanafunzi wa ufundi hubaki kuashiria kwa kidole. Hoja ya msingi ni kwamba kabati bora la Kililana ni lile lililopimwa kwa vyombo vya jiko lake na kwa hewa ya bahari yake, na kwamba Kiswahili kina maneno ya kutosha ya kulieleza kabati hilo tangu ubao wa kwanza hadi bawaba ya mwisho.

Kililana na Jiko Lililohama

Kililana ilijulikana kwanza kama mahali pa mashamba, kando ya ghuba ya Manda na si mbali na Mokowe, ambako wasafiri hupandia mashua za kwenda kisiwani Lamu. Jina lake lilienea nchini Kenya na nje ya mipaka yake kwa sababu ya bandari. Machi 2, 2012 Rais Mwai Kibaki wa Kenya, Rais Salva Kiir wa Sudan Kusini na Waziri Mkuu Meles Zenawi wa Ethiopia walikutana hapo kuuzindua ujenzi wa Bandari ya Lamu na mradi mzima wa LAPSSET. Gati la kwanza lilifunguliwa na Rais Uhuru Kenyatta Mei 20, 2021. Kati ya tarehe hizo mbili, mashamba yalipimwa na kuchukuliwa, na wenye mashamba wakalipwa fidia baada ya kungoja na kulalamika kwa miaka.

Mengi yameandikwa kuhusu ardhi na fidia. Lakini mtu aliyehama shambani amehama na jiko lake pia. Katika nyumba ya udongo na makuti, jiko ni kibanda cha nje au kona yenye mafiga matatu, na vyombo hukaa juu ya uchaga au hutundikwa. Katika nyumba ya matofali na saruji, jiko ni chumba cha ndani chenye karo, kaunta na makabati. Makabati hayo mara nyingi huwa ya kwanza kuharibika. Yakinunuliwa yakiwa yamekwisha kuundwa mbali na pwani, kwa ubao wa vumbi la mbao lililogandishwa kwa gundi, hayachukui muda mrefu kabla ya kuvimba kwa unyevu, bawaba zikashika kutu na milango ikaning'inia. Mwenye nyumba hujikuta mbele ya njia mbili: kununua tena kitu kilekile, au kujifunza kukiunda. Njia ya pili ndiyo inayohusika hapa.

Kabla ya Kabati: Zidaka, Uchaga na Susu

Ni kosa kudhani kwamba jiko la Mswahili halikuwa na hifadhi ya vyombo kabla ya kabati kuja. Katika nyumba za mawe za Lamu, kuta za vyumba vya ndani zilichongwa na kupigwa lipu ya chokaa kwa safu za zidaka, yaani vishimo vya ukutani vyenye umbo la pembe nne na tao, ambamo vyombo vya kauri na vitu vya thamani viliwekwa. Neno lenyewe linafaa kuzingatiwa na mwanafunzi wa lahaja: Kiswahili sanifu kina kidaka na vidaka, ilhali Kiamu husema zidaka, kama kinavyosema zombo badala ya vyombo.

Jiko la nyumba hizo aghalabu lilikuwa juu kabisa, penye upepo, ili moshi usiwasumbue wenye nyumba. Huko kulikuwa na uchaga, yaani kichanja cha miti juu ya meko, ambapo moshi ulikausha nafaka na kuwafukuza wadudu. Kulikuwa pia na susu, kining'inio cha kamba kilichotundikwa darini ili chakula kisifikiwe na paka, panya wala sisimizi.

Vitu hivi vitatu vina mafunzo ambayo fundi wa leo anafaa kuyachukua. Kidaka kinafundisha kwamba hifadhi bora haiegemei ukuta kwa matumaini, bali huwa sehemu ya ukuta. Uchaga unafundisha kwamba hewa ikipita, kitu hakiozi. Susu inafundisha kwamba kilichoinuliwa kutoka sakafuni kimeepushwa na wadudu. Kabati lenye kuyasahau mafunzo haya, hata likiwa la bei ghali kiasi gani, halitadumu karibu na bahari.

Kupima: Vyombo Kwanza, Ukuta Baadaye

Mafundi wengi huanza kwa kuupima ukuta. Inafaa kuanza na vyombo. Jiko la Kililana lina mbuzi ya kukunia nazi, kinu na mchi, ungo, kifumbu, sufuria kubwa za pilau za siku ya shughuli na pengine mtungi wa gesi. Kabati lililoigwa kutoka jarida la nchi nyingine huwa na nafasi ya glasi za mvinyo na halina nafasi ya mbuzi. Matokeo yake ni kwamba mbuzi na sufuria hurudi sakafuni, na kabati hugeuka pambo. Hivyo basi, vyombo vitolewe vyote, vipangwe, na kila kimoja kipimwe urefu na upana wake. Ungo mpana ukikosa rafu ya kuutosha, basi utengewe uwazi mwembamba wa kusimama wima kati ya makabati mawili.

Baada ya vyombo hupimwa mtu. Kimo cha kaunta kinachozoeleka ni sentimita 90 hivi kutoka sakafuni. Hata hivyo, kipimo cha haki ni kiwiko cha yule anayepika: kaunta ikae sentimita 10 hadi 15 chini yake. Kaunta ya juu mno huchosha mabega, na ya chini mno huumiza mgongo. Kwa hiyo uamuzi huu ni wa mwenye jiko, na fundi, hata akiwa mume wa nyumba, hana budi kumsikiliza.

Mwishowe ndipo ukuta na sakafu hupimwa. Sakafu chache sana huwa sawa. Pima-maji fupi hudanganya juu ya umbali mrefu, na ndiyo maana waashi wengi hutumia mpira mwangavu uliojazwa maji: ncha mbili zikishikwa kwenye kuta mbili, maji hutulia katika kimo kimoja, na alama hupigwa hapo. Timazi huonyesha kama ukuta umesimama wima. Kona nayo hukaguliwa kwa kanuni ya tatu, nne na tano: pima sentimita 60 katika ukuta mmoja na 80 katika mwingine, umbali kati ya alama hizo ukiwa sentimita 100 kamili, kona ni ya mraba. Pasipo mraba, fundi ajue mapema kwamba ataacha nafasi ya kuziba kwa ubao mwembamba.

Uteuzi wa Mbao na Vyuma

Adui wa kabati la pwani ni watatu: unyevu, chumvi na wadudu. Ubao wa vumbi hauufai unyevu, kwani ukilowa huvimba na haurudi katika hali yake. Plaiwudi nzuri, hasa ile iliyogundishwa kwa gundi isiyoyeyuka majini, hustahimili zaidi na ndiyo inayofaa kwa mwili wa kabati. Ubao wake mzima una sentimita 244 kwa 122.

Kwa milango na fremu mbao za miti ya pwani zinapatikana. Mwembe una mbao pana na laini kwa randa, lakini usipokaushwa vyema na kupakwa dawa hushambuliwa na wadudu watobozi. Mwarobaini, ambao umeota kila mahali pwani, una ubao mgumu ambao uchungu wake hauwapendezi wadudu, na wachongaji wa vinyago wa pwani ya Kenya wameutumia sana. Mnazi uliokwisha kuzaa hutoa mbao ngumu katika sehemu ya nje ya shina, ilhali kiini chake ni laini na hakifai. Bambakofi, mti ulioleta sifa kwa milango ya Lamu, umekuwa adimu, na kuutumia kwa kabati la sufuria ni israfu. Mikoko nayo imelindwa kwa amri za serikali: usafirishaji wa boriti nje ya nchi ulipigwa marufuku mwaka 1982, na mwaka 2018 ukataji wa miti katika misitu ya umma ulisimamishwa kote nchini. Haifai kuingia msituni kutafuta ubao wa rafu.

Mbao hata ikauke namna gani huendelea kunywa na kutoa unyevu. Mlango wa mbao ulioundwa wakati wa kaskazi, hewa ikiwa kavu, hutanuka wakati wa masika na kukataa kufunga. Fundi aliyeuona mwaka mzima wa pwani huacha uwazi wa milimita tatu hivi kuuzunguka mlango.

Kuhusu vyuma, bawaba na parafujo za chuma cha kawaida huliwa na kutu haraka karibu na bahari. Bawaba za shaba au za chuma kisichoshika kutu zina bei zaidi, lakini hununuliwa mara moja. Mwenye kipato kidogo anafaa kupunguza urembo wa mlango kabla ya kupunguza ubora wa bawaba.

Kung'oa Makabati ya Zamani

Kazi ya kung'oa huonekana kuwa ya nguvu, na kwa hakika ni ya utaratibu. Kwanza vyombo vyote hutolewa. Maji hufungwa na umeme huzimwa katika swichi kuu. Kisha hutolewa milango na droo, ili kilichobaki kiwe chepesi. Makabati ya ukutani hutegemezwa kwa mihimili kutoka chini kabla ya parafujo yoyote kuguswa. Parafujo za chini hufunguliwa kwanza na za juu mwisho. Wawili wafanye kazi hii pamoja, kwa maana kabati likiachia ghafla humwangukia aliye chini yake. Kaunta iliyotengwa na makabati huondolewa baada ya hapo, na makabati ya sakafuni hufuata.

Kabati la zamani lisitupwe kabla ya kuchunguzwa. Likiwa limeoza chini, maji ya kudeki ndiyo yaliyoliua. Likiwa limeoza mgongoni, ukuta wenyewe una unyevu. Njia za udongo zilizopanda ukutani ni ushahidi wa mchwa, ambao hauna budi kutibiwa kabla ya ubao mpya kuletwa. Doa chini ya karo ni dalili ya bomba linalovuja. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na asiyeutafuta ugonjwa wa kabati la kwanza ataurithisha kwa la pili.

Nyumba nyingi za Kenya zina kaunta ya zege iliyomiminwa pamoja na nguzo zake za matofali. Katika hali hiyo mwili wa kabati hauhitajiki chini. Fremu ya mbao inayopachikwa kwenye uso wa nguzo, pamoja na milango na rafu, yatosha.

Kuunda Mwili wa Kabati

Tuchukue mfano wa kabati moja la sakafuni lenye upana wa sentimita 60, litakalofikisha kaunta kwenye kimo cha sentimita 90. Kaunta ikiwa na unene wa sentimita 4 na kitako sentimita 10, mwili wa kabati una sentimita 76. Kwa plaiwudi ya milimita 18, mbavu ni vipande viwili vya sentimita 76 kwa 55. Sakafu ya kabati huingia kati ya mbavu, hivyo upana wake si 60. Hutolewa unene wa mbavu mbili, yaani sentimita 3.6, na kubaki 56.4. Kosa la kusahau hesabu hii ndilo linalowaangusha wanaojifunza. Juu huwekwa pao mbili za sentimita 56.4 kwa 10, na mgongo ni plaiwudi nyembamba ya sentimita 60 kwa 76.

Ubao mzima wa plaiwudi hupasuliwa kwa urefu kuwa vipande viwili vya upana wa sentimita 55, na kila kimoja hutoa mbavu tatu. Hivyo ubao mmoja una mbavu za makabati matatu. Inafaa kuichora mikato yote kwenye karatasi kabla ya msumeno kugusa ubao, kwani ubao uliokatwa mfupi haurefushwi.

Vipande huunganishwa kwa gundi ya mbao na parafujo. Tundu dogo hutobolewa kwanza kwa keekee ili parafujo isipasue ubao. Mwili ukishasimama, vipimo viwili vya pembe kwa pembe hulinganishwa; vikilingana, kabati ni mraba, na mgongo hupigiliwa hapo hapo kabla halijapinda. Fremu za milango zikiwa za mbao nzima, kiungo cha tundu na ulimi hudumu kuliko msumari. Vanishi au rangi ya mafuta ipakwe pande zote, hasa kingo na mgongo ambao hautaonekana, kwa sababu unyevu huingilia pale mpakaji alipoona uvivu.

Kitako nacho kina busara yake Kililana. Badala ya kukiunda kwa mbao, afadhali kijengwe kwa matofali au zege na kabati likae juu yake. Kwa njia hiyo maji ya kudeki hayagusi mbao, na mchwa hukosa daraja. Hili ndilo funzo la susu katika sura ya saruji.

Kupachika

Makabati ya juu hupachikwa kwanza, kwa kuwa ya chini yakitangulia huzuia mikono na hukwaruzwa. Mstari hupigwa ukutani sentimita 50 juu ya kaunta, yaani sentimita 140 kutoka sehemu ya juu kabisa ya sakafu. Kuanzia sehemu hiyo ya juu ni muhimu: kabati linaweza kuinuliwa kwa kabari, lakini halichimbiwi sakafu.

Kabla ya kutoboa, fundi aiulize kuta ni ya nini. Ukuta wa zege au wa tofali zito hushika vyema parafujo ndefu ikitanguliwa na kizibo cha plastiki. Tofali lenye uwazi ndani linahitaji vishikizo vinavyotanuka upande wa pili. Ukuta wa zamani wa mawe ya matumbawe na chokaa humong'onyoka, na parafujo fupi itaishia kwenye lipu tu. Hapo tundu huchimbwa kwa kina na chango cha mbao ngumu hupigiliwa ili parafujo ipate pa kuuma. Aidha, pasitobolewe juu wala chini ya swichi au soketi, kwani nyaya za umeme hupita humo.

Njia iliyo salama zaidi ni ya pao mbili. Pao moja hukatwa ukingo wake kwa mteremko na kufungwa ukutani katika sehemu nyingi, mteremko ukielekea ukutani. Pao jingine lenye mteremko wa kulandana hufungwa nyuma ya kabati. Kabati likiinuliwa na kushushwa, pao la juu hukaa juu ya la chini, na uzito wa vyombo huzidi kulikaza. Mtu mmoja huweza kulisogeza kushoto na kulia hadi likae sawa. Nyuma yake hubaki uwazi mwembamba ambamo hewa hupita, na kidaka na uchaga vinakuwa vimekumbukwa kwa pamoja.

Makabati ya chini huanza konani. Kila moja hupimwa kwa pima-maji mbele, nyuma na ubavuni, kabari zikisukumwa pale palipo chini. Mawili yanayopakana hubanwa pamoja na kufungwa kwa parafujo nyuso zikiwa sambamba. Kaunta hufuata, na milango huja mwisho kabisa. Kwa upana wa sentimita 60, milango miwili ya sentimita 29.5 huacha sentimita moja, ambayo hugawanywa katika nyufa tatu.

Tahadhari mbili za moto hazifai kupuuzwa. Kabati lisiwekwe juu ya jiko la mkaa wala karibu juu ya jiko la gesi. Mtungi wa gesi nao usifungiwe katika kabati lisilo na matundu. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa na ikivuja hutuama chini. Kwa hiyo matundu ya hewa yawe chini ya kabati. Afadhali zaidi mtungi ukae nje ya nyumba.

Endapo mlango wa kwanza utakaa upande, mwenye nyumba asikate tamaa. Kuvunja koleo si mwisho wa uhunzi, na bawaba ilibuniwa ili irekebishwe.

Msamiati wa Kabati

Msomaji makini ameona kwamba maelezo yote hayo yamekamilika bila ya kuazima neno lisilozoeleka. Inafaa kuyatazama maneno yenyewe. Ubao, shoka na jiko ni ya Kibantu. Msumari, sanduku, kufuli na bawaba yalitoka Kiarabu. Randa ina asili ya Kiajemi. Meza na parafujo yaliachwa na Wareno. Kabati lenyewe ni neno la Kiingereza lililovalishwa silabi za Kiswahili, nalo skrubu ni mdogo wake. Kwa hiyo kisanduku cha vifaa cha fundi wa Lamu ni historia ya bahari ya Hindi iliyofungwa kwa kufuli.

Palipokosekana mkopo, Kiswahili kilitazama mwili na mazingira. Kabati lina uso, mgongo, mbavu na miguu. Kiungo kina ulimi. Droo huitwa mtoto wa meza, na kamusi zina saraka pia. Pima-maji ni neno linalojieleza. Bisibisi na keekee yana uradidi unaofanana na mwendo wa vifaa vyenyewe. Msasa ni mfano bora kuliko yote: kabla ya kuwa karatasi ya dukani, ulikuwa mti ambao majani yake makavu na makwaruzo yalitumiwa kusugulia mbao. Karatasi ilipokuja ilirithi jina la jani.

Tatizo basi si uhaba wa maneno. Tatizo ni kwamba maneno haya yanaishi katika karakana na hayaingii darasani wala katika karatasi za maelekezo. Kabati la vipande linalouzwa ndani ya mkasha huja na maelekezo ya lugha za kigeni, na mnunuzi huyafuata kwa kubahatisha michoro. Ikumbukwe kwamba Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Urasmi huo hauna uzito iwapo mtu hawezi kufunga parafujo kwa maelekezo ya lugha yake. Baraza la Kiswahili la Tanzania, lililoundwa mwaka 1967, na Chama cha Kiswahili cha Taifa nchini Kenya, kilichoanzishwa mwaka 1998, yamefanya kazi kubwa ya kukuza lugha. Lakini kukusanya maneno ya karakana kunahitaji miguu mingi, na wanafunzi wa Kiswahili wana miguu hiyo. Mwanafunzi anayerudi nyumbani likizo anaweza kukaa na fundi siku moja, aandike jina la kila kifaa, kila kiungo na kila tendo, pamoja na lahaja ya msemaji. Tasnifu nzuri zimeanza kwa kidogo kuliko hicho.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba kubadilisha makabati ya jikoni ni kazi inayowezekana kwa mwenye nyumba mwenye subira, msumeno, pima-maji na hesabu ya kujumlisha na kutoa. Yameonyesha pia kwamba vipimo vyake vya kwanza havitoki kwenye jarida. Vinatoka kwenye mbuzi, ungo, kiwiko cha mpishi na msimu wa kaskazi na masika. Kililana haikuchagua bandari ijengwe wapi, na familia zilizohama hazikuulizwa mengi. Umbo la jiko, walau, bado ni uamuzi wao. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Na anayetaka jiko litakalodumu hana budi kupiga magoti mbele ya kabati lake, kabari mkononi, na kuita kila kipande kwa jina lake.